Mdomo wa Baba Mkwe

Mimi mnayeniona hapa nina shahada moja na nusu, na hiyo nusu ndiyo iliyonitoa roho. Nasomea isimu tumizi, ngazi ya uzamili. Pale mtaani Nyasho nikilitaja jina hilo watu wanauliza ni ugonjwa gani. Nawaeleza kwamba ni elimu ya lugha inavyotumika kwa watu, mahakamani, hospitalini, darasani, nyumbani, na wao wanasema, ahaa, kumbe Kiswahili. Nilishaacha kubishana nao.

Tasnifu yangu inahusu familia za Musoma mjini ambazo baba ana lugha yake, mama ana yake, na watoto wana Kiswahili tu. Nilizunguka Iringo, nikazunguka Nyasho, nikaenda mpaka Bunda ninakofundisha, nikawauliza watu kwao wanaongeaga lugha gani wakikasirika, wakisali, wakigombeza watoto. Wengine walinifukuza, wengine walinilisha sato mpaka nikashindwa kuinuka. Sura zote niliandika. Msimamizi wangu, Dakta Hyasinta, mwanamke asiyesifia hata chai, akasema sasa tunaweza kwenda kuitetea chuoni. Halafu baba mkwe akaanguka bafuni, na mambo yangu yote yakasimama hapo hapo.

Baba mkwe ni Mzee Lameck, mwalimu mkuu mstaafu, Mkabwa wa huko vijijini Butiama. Kiswahili chake kilikuwa cha kusoma taarifa ya habari. Shuleni kwake mtoto akikutwa anaongea kilugha alichapwa, na nyumbani sheria ilikuwa hiyo hiyo, maana mke wake, Mungu amrehemu, alikuwa Mjita, na mzee hakutaka watoto wachanganyikiwe. Kwa hiyo Hezron mume wangu na dada yake Jenipher hawajui Kikabwa hata cha kuombea maji. Mimi nimelelewa na bibi kijiji cha jirani na kwao mzee. Kikabwa ndicho nilichoanza nacho, Kiswahili nilikikuta shule kama nilivyokikuta chaki.

Siku ile hospitalini, mzee alipofungua macho na kuanza kuongea, Jenipher alikimbia nje akilia kwamba baba ameingiwa na mapepo. Akaitwa mchungaji. Mchungaji akaweka mkono juu ya paji la uso, akakemea kwa sauti ya mkutano wa hadhara, na kadiri alivyokemea ndivyo mzee alivyozidi kuongea. Mimi nilikuwa nimesimama koridoni, kwa sababu mkwe wa kike kwetu hasogei kitandani kwa baba mkwe, hata awe mahututi. Nikamsikia vizuri kabisa. Alikuwa anaomba asaidiwe kwenda haja ndogo, na alikuwa anamtukana mchungaji matusi ambayo sijayasikia tangu bibi yangu afe. Nikasema kutoka mlangoni kwamba anataka kukojoa. Mchungaji akakatisha maombi. Wote wakageuka kuniangalia, na tangu hapo mimi ndiyo nikawa mdomo wa Mzee Lameck.

Daktari alieleza kwamba kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu lugha moja kikamwachia nyingine. Jambo hilo nililisoma mwaka wa kwanza, nikalipigia mstari, nikalijibia mtihani na nikafaulu. Wala sikuwaza kwamba litanifuata hadi sebuleni. Daktari akasema tena kwamba mzee anasikia kila kitu, Kiswahili pia, ila kukitoa ndiyo hawezi. Mkono wa kuandikia ulikuwa umekufa. Na kuhusu kutikisa kichwa tusijisumbue, maana ndiyo na hapana zilikuwa zimemchanganyikia. Kweli bwana, ukimuuliza kama ameshiba anaitikia, ukimuuliza kama ana njaa anaitikia.

Nyumbani Hezron akafunga pazia kwenye mlango wa chumba cha mzee, nami nikawekewa kiti upande wa nje. Yeye na Jenipher wanamwogesha, wanamgeuza, wanamlisha. Mimi nakaa kwenye kiti nasikiliza. Miezi yote hiyo sikumwona uso. Nilimjua kwa sauti tu, ule ulimi mzito uliolemaa upande mmoja, na baada ya muda nikawa nauelewa hata akiwa anatafuna. Nilifanya kazi ile kama nilivyofundishwa: mkalimani haongezi, hapunguzi, hapambi. Mzee akisema uji una madonge, nasema uji una madonge. Siku moja alimwambia Hezron kwamba duka lake la vipuri linakufa kwa sababu anaamka saa mbili, nami nikamwambia mume wangu hivyo hivyo, huku nikiangalia sakafu. Hezron alinuna wiki nzima, lakini hakuuliza kama kweli baba yake ndiye aliyesema. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Shuleni Bunda nilishaomba likizo bila malipo. Sasa hebu fikiria mtu ambaye hawezi kwenda hata sokoni. Nikienda kununua dagaa Jenipher anapiga simu niwahi, baba anasema kitu. Nikiwa naoga anagonga mlango. Kuna mara moja nilitoroka, nasema kutoroka kwa sababu ndivyo ilivyoitwa pale nyumbani, nikaenda Bunda kuhakiki mahojiano ya familia moja kabla ya kutetea. Mchana ule mzee akashikwa na maumivu. Akapiga kelele, wakampa dawa ya kichwa. Kumbe mkojo ulikuwa umeziba. Walinipigia simu wakamwekea sikioni, lakini ulimi ule kwenye simu ni mlio tu, sikuambulia kitu, na yeye akazidi kulia. Nilipofika jioni tumbo lilikuwa limevimba na Jenipher alikuwa ameketi chini ukumbini, kanga mdomoni. Hakunigombeza. Alisema tu, “Wifi, usiondoke tena.” Mpaka leo siwezi kumlaumu kwa neno hilo, na ndiyo maana lilinifunga kuliko matusi.

Mtasema, si wangemleta Mkabwa mwingine? Walimleta. Shangazi Bhoke, dada yake mzee, alikuja kutoka kijijini na kapu la viazi, akakaa siku chache. Alitafsiri vizuri tu. Ila aliporudi, maneno yote ya mzee kuhusu kiwanja na kuhusu ndoa ya Jenipher iliyovunjika yalishamtangulia kijijini, na yakatembea mpaka minadani. Jenipher akaapa mdomo ule hautaingia tena nyumba hii. Nami nikajaribu kumfundisha Jenipher mwenyewe, hata maneno ya maji, choo, maumivu. Alikuwa anajifunza kwa bidii, maskini, lakini akimtamkia baba yake, mzee anacheka mpaka anapaliwa, na mgonjwa akiongea, Jenipher alikuwa hamwelewi hata kidogo. Tukaacha.

Chuo nacho hakina subira. Nilishaahirisha kutetea, nikaahirisha tena. Dakta Hyasinta akanipigia akasema tarehe imepangwa, ni ya mwisho, nisipotokea jina langu linaondolewa kwenye usajili na kila nilichoandika kinabaki karatasi. Kwa mtandao wamekataa, wanataka mtu mbele yao. Alisema, “Eufrasia, nimekupigania nilipoweza. Sasa njoo.” Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo. Nikamwambia nitakuja. Nikabaki nimeshika simu, nikijua nimeahidi kitu ambacho si changu kukitoa.

Nikawaeleza sebuleni baada ya chakula cha mchana, Jumapili, wote wakiwepo. Niende, nitetee, nirudi, ni siku chache tu. Hezron akaangalia televisheni ambayo ilikuwa imezimwa. Huyo ni mume wangu, mtu mpole, na upole wake una siku unanitia hasira kuliko ukali wa mtu mwingine. Jenipher akauliza mkojo ukiziba tena afanyeje. Akauliza kwa nini masomo haya yasisubiri, mbona shule ninayofundisha ipo na kazi ninayo, hiyo nyingine ni ya nini. Nikasema nimeisotea. Akasema hata yeye anasota.

Ndipo mzee akaongea kutoka nyuma ya pazia. Aliongea taratibu, kwa kujikaza, kama alivyokuwaga akitoa matangazo paredi. Alisema sentensi nzima, akapumzika, akasema nyingine.

“Anasemaje?” Hezron akauliza.

Nilishafungua mdomo kutafsiri kama siku zote, ndipo nikaona shimo nililosimama mbele yake. Lakini ningefanyaje? Haongezi, hapunguzi.

“Anasema, mwacheni huyu mtoto aende akamalize shule yake. Kama ni kufa, nitakufa hata akiwa amekaa kwenye kiti hicho. Kumfungia mtu mlangoni kwangu mimi sikumtuma yeyote.”

Jenipher alikuwa anakusanya sahani, akaziweka chini.

“Hayo amesema baba,” akasema, “au umesema wewe?”

Jamani. Kwa miezi yote ile nimewabebea watu hawa kila neno, la aibu na la matusi, na hawakuuliza. Nikasema sijawahi kumsemea mzee uongo, na Mungu ananiona. Hezron akasema kwa upole wake ule ule kwamba hakuna anayesema nimedanganya, ila jambo ni zito. Jenipher akanyanyuka, akafungua pazia upande wake, akamuuliza baba yake kama kweli amesema niende. Akatwambia ameitikia kwa kichwa. Kisha akamuuliza kama anataka nibaki. Akaitikia pia. Tukamsikia mzee akipiga ngumi kitandani kwa ule mkono mzima, anarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa, na wote wakanigeukia tena niwaambie anasema nini. Nikawaambia. Sauti yangu yenyewe ilianza kusikika kama ya mtu anayeomba.

Nikasema basi aitwe shangazi Bhoke asikie kwa masikio yake. Jenipher akasema mpaka yeye mwenyewe Jenipher azikwe kwanza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba darasani nimefundishwa hivyo hivyo. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba mkalimani mwenye maslahi katika shauri asiaminiwe, aondolewe, aletwe mwingine. Ingekuwa ni kesi ya mtu baki huko mahakamani, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Mzee Lameck ndiye mtu pekee aliyekuwa na mamlaka ya kunifungulia mlango, na alishaufungua. Ila ruhusa yake ilikuwa inapita mdomoni mwangu, na ikishapita hapo hakuna mtu wa kuiamini.

Siku zilizofuata mzee hakuacha. Kila akiletewa uji, kabla hajaonja, anasema mwacheni aende. Kila mara naitafsiri, kwa sababu kuiacha ingekuwa kupunguza. Jenipher akawa anauliza kwa kuchoka, leo tena ameanza? Nami nafsini nikawa natamani anyamaze, maana kila akinitetea ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Siku moja nilimwambia kwa Kikabwa, kupitia pazia, wengine wakiwa uani: Baba, hawaniamini, kadiri unavyosema ndivyo ninavyozidi kukwama. Nilimsikia anapumua tu, muda mrefu.

Kesho yake hakusema kitu. Uji ukaja, ukaliwa, kimya. Mchana kimya. Keshokutwa kimya. Jenipher akawa anamwita, Baba, Baba, na yeye anamwangalia tu. Daktari akaja, akamulika macho, akapima presha, akasema huenda kimepita kiharusi kingine kidogo, huenda sivyo, wazee hawatabiriki. Jenipher alilia siku nzima. Hezron alifunga duka akakaa kitandani kwa baba yake amemshika mguu.

Mimi sikulia, kwa sababu nilikuwa namsikia. Nikiwa mbali, jikoni au uani, alikuwa anakohoa, anaguna, mara moja, watoto wake wakiwa nje, nilimsikia anaimba taratibu wimbo wa kanisani kwa Kikabwa, ubeti mzima, maneno yamenyooka. Nikisogea, nyayo zangu zikigusa saruji ya ukumbini, anakata. Mtu aliyepoteza lugha hakati wimbo katikati kwa sababu mkwe wake anakuja. Nikaelewa anachofanya. Alishaona kwamba maneno yake hayanitoi, basi ameamua kuyaondoa yote. Asipokuwa na la kusema, mimi si wa lazima.

Na nilimkasirikia, nisidanganye. Nani alimwomba? Asubuhi moja Hezron alitoa mashuka yaliyolowa, na mzee yule tangu aumwe hajawahi kujikojolea, alikuwa anaita mapema, hiyo ndiyo heshima iliyokuwa imembakia. Sasa alikuwa analala kwenye mkojo wake kuliko kuita. Nikaenda mlangoni nikamwambia kwa lugha yetu, Baba, usinifanyie hivi. Omba maji. Omba choo. Nitukane hata mimi. Nikasubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna.

Nikawaambia. Nilimwambia Hezron kwamba baba yake ananyamaza makusudi, kwa ajili yangu, na kwamba ataendelea mpaka ahakikishe nimekwenda. Hezron alinitazama kwa huruma, ile wanayoangaliwa nayo wafiwa. Akasema nimechoka. Usiku huo alizungumza na dada yake, na asubuhi wakaniambia wote wawili kwamba nikatetee tu. Jenipher ndiye aliyesema, akinishika bega.

“Nenda, wifi. Hapa huna cha kutafsiri tena.”

Ndivyo nilivyopata ruhusa niliyoililia. Nilizikunja nguo zangu bila kujua nakunja nini. Kwenye begi nikatia tasnifu, kurasa zile zote kuhusu familia ambazo baba na watoto hawasikilizani. Nikiondoka, ninamwacha mtu mwenye akili timamu na maneno yake yote, peke yake kati ya watoto wake. Nikibaki, ataendelea kulala kwenye mkojo mpaka niondoke. Na usajili ukifutwa atakuwa amejikojolea bure. Hakukuwa na upande ambao mtu angeweza kusimama akajisikia vizuri.

Asubuhi ya safari bodaboda alikuwa ameshafika getini. Hezron alitangulia na begi. Jenipher alikuwa sebuleni ananifungia samaki wa njiani kwenye karatasi. Nikasimama kwenye kile kiti, sikukaa. Nikamwambia mzee kwa Kikabwa kwamba nakwenda, nitarudi haraka, na nikirudi aongee, nitakuwa nimemaliza, hakutakuwa na cha kunyamazia. Nikamwambia asante.

Nilikuwa nimeshageuka aliposema. Neno moja tu, kwa sauti ya mtu ambaye limemponyoka.

“Naogopa.”

Kwa lugha yetu ni neno fupi hivyo hivyo. Bibi yangu alikuwa analitumia kwa mvua ya radi. Nikasimama. Sikuwahi kumsikia Mzee Lameck akisema anaogopa kitu chochote, si hospitalini, si siku ile ya mkojo. Alikuwa ameficha kila kitu mpaka nikafika mlangoni, na hapo akashindwa.

“Eufrasia?” Jenipher akaita kutoka sebuleni. Karatasi ilikuwa imeacha kuchakacha. “Nimesikia kama sauti ya baba. Amesema kitu?”

Nyuma ya pazia mzee alikuwa ameshika pumzi. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, limeshatafsirika, halihitaji hata kufikiriwa. Nikilitoa, Jenipher atakuja mbio akilia kwa furaha kwamba baba ameongea, bodaboda atalipwa aondoke, na mimi nitavuta kiti nikae. Mzee atakuwa amejinyima siku zote zile kwa hasara. Nikilimeza, hakuna mtu mwingine duniani atakayejua kwamba aliwahi kulisema.

“Hajasema kitu, wifi,” nikasema. “Ni mimi nilikuwa namuaga.”

Jenipher akaja na samaki, macho mekundu, akaniwekea mkobani mwenyewe, akaniambia nisipitiwe na usingizi Bunda watu wakaniibia. Nikasema sawa. Nikatoka. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika kazi ile, na mzee aliusikia wote.